Kolwezi, Kamituga, Kiliba: wazee walioachwa na kampuni, wakashikwa na majirani

Mtu akitamka maneno «nyumba ya wazee» katika parsele yoyote ya Bukavu, Kalemie au Kolwezi, mazungumzo yanakuwa makali mara moja. Mmoja atasema hayo ni mambo ya Wazungu wanaotupa wazazi wao. Mwingine atajibu kwamba masista wanapokea wazee wasio na mtu hapa hapa kwetu, na kwamba wazee hao hawakuanguka kutoka mbinguni: wana watoto, wana wajukuu, na wengine wa ukoo wako karibu tu. Kila tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1990 kwa ajili ya watu wa umri mkubwa, ubishi huo unarudi, kisha unazimika mpaka mwaka unaofuata.

Lakini ubishi huo una kasoro moja. Unamweka mzee katika sehemu mbili tu: ndani ya nyumba ya mtoto wake, au ndani ya nyumba ya kulelewa. Unasahau sehemu ya tatu, ambayo Wakongomani wa mashariki na wa Katanga wanaijua tangu zamani bila kuipa jina. Ni kambi ya kampuni: mahali ambapo wafanyakazi waliingia wakiwa vijana, wakazaa, wakasomesha, kampuni ikaanguka, na wao wakabaki hapo mlango kwa mlango mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuna aliyeamua kwamba pale patakuwa kijiji cha wazee. Palikuwa hivyo penyewe, kwa sababu watu walizeeka pamoja.

Kambi hizo ziko nyingi. Katika Katanga, Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao karibu na kazi, badala ya kuwachukua kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, masomo na mposho. Serikali ilipoichukua na ikawa Gécamines, mpango uliendelea Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kambove na Kolwezi. Watu waliita kampuni baba na mama, wala haikuwa mchezo wa maneno: unga wa mwezi ulitoka huko, mtoto alizaliwa hospitalini kwake, maiti ilibebwa na gari lake. Katika Kivu na Maniema, kulikuwa na SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya madini, ikawa na wafanyakazi wake Kamituga, Kalima na sehemu nyingine. Katika bonde la Ruzizi, karibu na Uvira, kiwanda cha sukari cha Kiliba nacho kilikuwa na kambi yake.

Kisha yote yakaanguka karibu wakati mmoja. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kiliba ilisimama mwaka 1996 vita vilipoingia. SOMINKI ikavunjwa mwaka 1997. Na mwaka 2003, katika mpango uliosukumwa na kulipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa «kuondoka kwa hiari». Walipewa pesa za mara moja, pungufu sana ya yale waliyohesabu kuwa haki yao, na malalamiko hayo hayajakwisha mpaka leo. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichapa mwaka 2001 kitabu kuhusu familia hizo, na kichwa chake kwa Kifaransa kinawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Baba alikwenda. Ila ndugu walibaki, na huo ndio upande wa habari ambao hauandikwi mara nyingi.

Katika kambi hizo, faida ya kwanza ya kuzeeka kati ya wenzako ni ndogo mpaka inachekesha: kuna mtu anayeona kama mlango wako haukufunguliwa. Saa kumi na mbili za asubuhi, mzee anatoa kiti nje. Jirani anapita na kidumu cha maji, anauliza mzee aliamkaje. Kama kiti hakipo, anagonga. Hakuna aliyemwajiri jirani huyo kufanya kazi ya muuguzi, lakini mzee aliyeanguka bafuni usiku, au aliyeshikwa na malaria, anapatikana kabla jua halijapanda. Mzee huyo huyo akihamia kwa mtoto wake katika mji mkubwa, maisha yake yanaweza kuwa mazuri kwa chakula na kwa kitanda, na bado akawa peke yake toka asubuhi mpaka jioni: mtoto amekwenda kazini, mke wa mtoto yuko sokoni, wajukuu wako masomoni, na lango limefungwa kwa kufuli. Familia inasema mzee anakaa na watu. Kweli analala na watu. Kukaa nao ni jambo lingine.

Halafu kuna jambo la kujulikana. Mwanaume aliyeendesha treni kwa miaka 30, au aliyekuwa mkubwa wa kikundi chini ya ardhi, kwa mjukuu wake ni tate tu, mtu wa kuombewa maji na kukatazwa chumvi. Kwa mwenzake wa avenyu ileile, yeye ni yule aliyetoa watu siku ile handaki ilipojaa maji. Anapoketi na wenzake jioni anarudishiwa jina lake. Wanabishana juu ya timu ya mpira ya mwaka 1974, juu ya mkubwa fulani Mbelgiji aliyekuwa mkali kuliko wengine, juu ya nani aliiba mafuta ya gari. Kijana akipita anadhani ni porojo za wazee. Lakini ubishi ni kazi: unamlazimisha mtu kukumbuka, kujibu, kuvaa shati safi na kutoka nje.

Kwa wanawake faida ni nzito zaidi, kwa sababu ndio wengi wanaobaki baada ya mume kufa. Mjane wa kambini ana mashahidi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mume wake, lakini kila mtu anajua jinsi sheria hiyo inavyokutana na shemeji anayefika baada ya matanga akiwa na gari la kubebea vitu. Pale ambapo majirani 20 walimwona mama huyo akiingia bibi-arusi, akilima kando ya kambi wakati mshahara ulipokatika, akiuza maandazi ili watoto wasome, shemeji anapata shida ya kusema uongo. Mjane anayeishi mbali na wanaomjua hana kitu isipokuwa karatasi, kama karatasi ipo.

Kuna pia likelemba, kuna kwaya, kuna michango ya kifo. Na kuna madai. Vyama vya wafanyakazi wa zamani wa SOMINKI na wa Gécamines vimedumu miaka mingi vikidai hesabu za mwisho, na haviwezi kueleweka bila kambi. Mzee mmoja hawezi kubeba dosie mpaka mahakamani kwa miaka 20. Wazee 200 wanaokaa avenyu tatu wanaweza: huyu ana nakala ya mkataba, yule anajua Kifaransa cha kuandika barua, mwingine bado ana miguu ya kwenda ofisini, na aliyekufa anaachia mjane wake nafasi kwenye orodha.

Kilichotokea mitaani kwetu kimetokea pia mahali ambapo hakuna mtu angefikiria kupalinganisha na Kamituga. Katika mji wa New York, upande wa Chelsea, kuna majumba kumi marefu yanayoitwa Penn South, yenye makao 2,820. Yalijengwa na sendika ya mafundi wa kushona nguo za wanawake, yakafunguliwa mwaka 1962, na Rais Kennedy mwenyewe alifika kwenye sherehe. Walioingia walikuwa wafanyakazi wa kawaida, wenye watoto wadogo. Watoto wakakua, wakaondoka. Wazazi wakabaki, kwa sababu nyumba ilikuwa ya bei ndogo na majirani walikuwa wale wale. Katikati ya miaka ya 1980, wasimamizi wakagundua kwamba sehemu kubwa ya wakaaji wao walikuwa wazee.

Wangeweza kufanya kile ambacho kila mtu alikuwa akifanya: kuwatoa mmoja mmoja, kila aliyedhoofika apelekwe kwenye nyumba ya kulelewa. Mwaka 1986 walichagua kinyume chake. Waliwaacha wazee mahali walipo, wakaleta muuguzi na wafanyakazi wa jamii ndani ya majumba yenyewe, na wazee waliokuwa na nguvu wakashiriki kuendesha shughuli. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Michael Hunt, alikuwa tayari ameanza kuchunguza mahali kama hapo, na aliyaita makazi ya wazee yanayojizalia yenyewe. Jimbo la New York likaanza kutoa pesa kwa mipango ya namna hiyo katikati ya miaka ya 1990, na mji wenyewe ukafuata mwaka 1999. Sababu haikuwa huruma peke yake. Kumhudumia mtu pale ambapo jirani anafanya nusu ya kazi bila malipo ni gharama ndogo kuliko kumlaza kwenye kitanda cha serikali.

Inafaa kutofautisha jambo hilo na vile vijiji vya wazee ambavyo watu wanaviona kwenye televisheni. Sun City, katika jimbo la Arizona, ilifunguliwa na mjenzi Del Webb tarehe 1 Januari 1960 na ikawa mfano wa miji ya wastaafu Marekani: nyumba za kununua, viwanja vya golfu, mabwawa ya kuogelea, vyama vya kila aina, na umri wa miaka 55 kwenda juu. Wanaokaa huko wengi wanasifu jambo lilelile ambalo mzee wa Likasi angelisifu, yaani kuwa na watu wa rika lake karibu na mlango. Lakini huko ujirani unanunuliwa, na mlango umefungwa kwa vijana na kwa maskini. Mkongomani anayesema «sisi hatutaki hayo» ana sababu. Anakosea tu anapodhani kwamba wazee kukaa karibu karibu lazima kuwe hivyo. Katika kambi zetu watoto wamejaa kila parsele, na mzee akitaka kimya ndilo jambo gumu kulipata.

Kuhusu kama ujirani unaongeza maisha, sayansi imekwisha kusema. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye mahusiano yenye nguvu na watu wengine walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi kwa 50 kwa 100 ile ya wasiokuwa nayo. Mwezi wa Juni 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu upweke: mtu mmoja kati ya sita duniani anausikia, na unahusishwa na vifo karibu 871,000 kwa mwaka. Ripoti hiyo inasema pia kwamba upweke si ugonjwa wa nchi tajiri tu, na kwamba katika nchi maskini uko mwingi zaidi. Hapo wale wanaosema «Mwafrika hana upweke» wanapaswa kutulia kidogo. Upweke haungoji mtu awe Ulaya ndipo umpate. Unampata mzee aliyehamishwa, mzee aliyefiwa na rika lake lote, mzee ambaye kila anayemzunguka ana simu mkononi.

Na katika mashariki ya Kongo upweke wa mzee unaweza kuua kwa njia nyingine, isiyo ya moyo wala ya damu. Mwezi wa Septemba 2021, katika wilaya za Kabare, Kalehe na Mwenga, Kivu Kusini, wanawake wasiopungua wanane waliuawa kwa kushtakiwa uchawi, na wengine kati yao walichomwa moto. Mama mzee anayeshtakiwa kwa urahisi ni yule ambaye nyumba yake iko pembeni, mjane, asiye na watoto karibu, ambaye hakuna anayejua anapika nini wala anaongea na nani. Kifo cha mtoto mtaani kinatafuta mwenyewe, na kinampata aliye peke yake. Ujirani si ngao ya kutosha, kwa kuwa majirani ndio pia wanaoshika mawe. Lakini ni vigumu kumwita mchawi mama ambaye wenzake kumi walikuwa naye jana usiku kwenye maombi, na ambaye watasimama mlangoni na kusema hivyo kwa sauti.

Kambi si paradiso, na mtu asiyeishi humo asizipambe. Mabomba yalikauka zamani. Paa za miaka ya 1950 zinavuja. Wazee wanagombana juu ya mipaka ya parsele, juu ya mbuzi, juu ya nani alikula mchango wa chama. Ulevi upo. Wale ambao hawakuwa wafanyakazi wa kampuni, waliopangishwa au waliofika baadaye, mara nyingi hawahesabiwi katika undugu huo. Tena ujirani haulipi dawa ya shinikizo la damu. Jirani anaweza kuona kwamba mzee amedhoofika na bado asiwe na franka za kumpeleka kituo cha afya. Pale ndipo Penn South na Kamituga zinapoachana: zote zina majirani, ila moja tu ilipata muuguzi.

Kisheria, mlango upo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema mtu wa umri mkubwa ana haki ya hatua za pekee za ulinzi zinazolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Mkataba wa Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, uliopitishwa mwaka 2016, umeanza kutumika mwezi wa Novemba 2024. Kwa wafanyakazi wa makampuni kuna CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS. Kwa wafanyakazi wa serikali kuna CNSSAP, iliyoundwa mwaka 2015. Yote hayo, hata hivyo, yanahesabu mzee kama mtu mmoja mwenye namba moja. Hakuna mahali yanapohesabu avenyu.

Mfano wa walimu unaonyesha jambo hilo vizuri. Kila mtu anamjua mwalimu wa miaka 70 na zaidi ambaye bado anasimama mbele ya ubao. Sababu inayotajwa ni pesa: akienda retreti, mshahara unakatika na malipo ya uzeeni yanachelewa au ni madogo mno. Hiyo ni kweli, na ni sababu kubwa. Lakini mwalimu huyo, tofauti na mchimbaji wa Kolwezi, hakupewa kambi. Alihamishwa shule hadi shule, akapanga chumba hapa na pale. Chumba cha walimu ndiyo avenyu yake. Siku anapoacha kazi anapoteza mshahara na wenzake asubuhi ile ile, na hakuna mfuko wa serikali unaomrudishia hao wa pili.

Vita vimekuja kufanya kwa siku chache kile ambacho makampuni yalifanya kwa miaka 30. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na Bukavu katikati ya Februari. Makambi ya wakimbizi wa ndani yaliyozunguka Goma, Bulengo, Lushagala na mengine, yalivunjwa mnamo Februari hiyo, na mamia ya maelfu ya watu wakaambiwa warudi makwao. Hakuna atakayesifu maisha ya chini ya mahema, juu ya mawe ya volkano, na mvua inapita katikati. Ila kwa wazee wengi jambo jipya lilikuwa limeota hapo: mama kutoka Masisi na mama kutoka Rutshuru walikuwa wakipika kwenye jiko moja, wakilindiana sufuria, mmoja akipanga mstari wa chakula kwa ajili ya mwingine asiyeweza kusimama. Mahema yalipoanguka, kila mmoja alirudi upande wake, na wengi walikuta kijiji bila nyumba na bila wale wa rika lao. Vijana wanaweza kuanza upya kwa kukata miti na kupanda maharage. Mzee wa miaka 75 anaanza upya na nani?

Kwa wastaafu waliobaki mjini, kufungwa kwa benki Goma na Bukavu tangu mwanzo wa mwaka 2025 kumeongeza mzigo. Aliyezoea kuchukua malipo yake dirishani sasa anategemea simu, na wazee wengi simu wanaishika lakini namba ya siri inakaa kwa mjukuu. Hapa tena, tofauti inaletwa na nani yuko karibu. Mahali wazee wanapoishi jirani, mmoja anayejua kusoma ujumbe anawasomea watano. Mzee aliye peke yake anaambiwa pesa hazijafika, na hana wa kumuuliza.

Mashirika ya misaada yana fomu za kuandika familia. Wanauliza idadi ya watu chini ya paa moja, wanauliza mkubwa wa familia ni nani, kisha mzee anaingia kwenye kisanduku cha «watu dhaifu». Kwa mfuko wa unga, hesabu hiyo inatosha. Kwa kuwajengea upya watu waliotawanyika, haitoshi, kwa kuwa fomu haiulizi swali rahisi: mzee huyu alikuwa akiishi karibu na nani? Kuweka wazee wanaojuana kwenye mstari mmoja wa nyumba, badala ya kuwatawanya kwa namba za orodha, hakuhitaji dola hata moja zaidi. Kunahitaji mtu aulize kabla ya kupima viwanja.

Jaribio kubwa la jambo hili haliko Kivu, liko Kolwezi, nalo halihusu risasi bali kobalti. Kitongoji kinachoitwa Cité Gécamines kilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni. Ni nyumba za vyumba vingi, nyingi zikiwa na maji na umeme, karibu na masomo na hospitali, na zaidi ya watu 30,000 wanaishi humo. Mgodi wa COMMUS, ambao kampuni ya Kichina Zijin na Gécamines wanaumiliki pamoja, uko kando yake, na umekuwa ukipanuka kuelekea ndani ya mji. Mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International, pamoja na shirika la Kikongomani IBGDH, lilichapa ripoti inayoeleza jinsi wakaaji wa hapo wamekuwa wakiondolewa kwa ajili ya mgodi huo: hawakushauriwa ipasavyo, na fidia waliyopewa haikuwatosha kupata nyumba ya namna ileile karibu, hivyo wengi wakaishia pembezoni mwa mji, mahali pasipo maji wala umeme. Waathirika waliunda kamati yao ili kudai nyongeza.

Mazungumzo yote kuhusu Cité Gécamines yamekuwa juu ya bei: chumba kina thamani gani, ukuta, mwembe, kisima. Ni haki kubishania bei, na wakaaji wanafanya vizuri kutoiacha. Lakini kila nyumba inajadiliwa peke yake, kila mwenye nyumba anapokea yake na kutafuta kiwanja anapoweza. Huyu ananunua upande huu wa mji, mwenzake wa miaka 40 ananunua upande mwingine, mjane aliyekuwa katikati yao anakwenda kwa mtoto wake Lubumbashi. Baada ya miezi sita hakuna anayejua kama kiti cha asubuhi kimetolewa nje.

Mgodi una uwezo wa kufanya vingine. Kampuni inayoweza kuhamisha mlima inaweza kununua ardhi moja, kupanga avenyu zilezile kwa majirani wale wale, kujenga kituo cha afya chenye muuguzi mmoja anayezunguka kwa wazee, na kuuliza kamati ya wakaaji nani akae karibu na nani. Serikali ya jimbo la Lualaba inaweza kuweka hilo kama sharti kabla ya kila nyumba inayofuata kubomolewa. Mipaka ya shimo inaendelea kusogea, na waliokuwa vijana wa Union Minière siku zile ambao bado wako hai wanahesabika sasa kwa vidole, avenyu kwa avenyu.